Baseball-Reference na ubishi wa mrushaji bora wa enzi zote: tathmini kutoka Kampala

Baseball-Reference ni tovuti ya takwimu za besiboli ambayo Sean Forman aliianzisha mwaka 2000, na ndani yake mna rekodi za ligi kuu za Marekani tangu miaka ya 1870. Katika tathmini hii sitaigusa yote. Nitaipima kwa kazi moja tu ambayo sisi wapenzi wa mchezo huu hapa Kampala tunaitumia mara kwa mara, nayo ni kuamua nani alikuwa mrushaji bora kuliko wote, yaani mchezaji anayemtupia mpigaji mpira, ilhali wanaoshindanishwa hawakuwahi kusimama kwenye tuta moja la kurushia, hawakutumia mpira wa aina moja, wala hawakuwakabili wapigaji wale wale.

Mtu anaweza kuuliza jambo hili linatuhusu nini sisi Waganda. Linatuhusu kwa sababu mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Kwa sababu mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Na kwa sababu David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia, naye alichukuliwa na Pittsburgh Pirates. Kijana anayejifunza kurusha anataka kujua amwige nani, na majina anayoyasikia ni ya watu waliotengana kwa miaka mia moja. Mazoezi yakiisha, vifaa vikishakusanywa, ndipo ubishi huanza, na simu hutolewa mfukoni kabla hata jasho halijakauka.

Mara nyingi anayeuanza huja na namba moja. "Kocha, 1.12 ni 1.12 tu," kijana husema, akiwa na maana ya msimu wa 1968 ambao Bob Gibson wa St. Louis Cardinals aliumaliza kwa ERA ya 1.12. ERA ni wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) ambayo mrushaji mwenyewe anawajibika nayo kwa kila iningi 9, yaani vipindi vya mchezo mmoja kamili, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mrushaji anavyosifiwa. Kocha hujibu, "Sawa, kijana wangu, lakini wapigaji wa mwaka huo walifanya nini?" Jibu la swali la kocha ndilo linaloipa tovuti hii thamani yake, kwa sababu kutoka ukurasa wa Gibson unaweza kwenda kwenye kurasa za msimu mzima wa 1968, na huko unaona kwamba ukame wa mikimbio haukuwa wa Cardinals peke yao. Katika American League, moja ya ligi mbili za ligi kuu (ya Cardinals ni National League), Carl Yastrzemski alitwaa ubingwa wa wapigaji kwa wastani wa .301, takriban mipigo mitatu iliyofanikiwa kwa kila zamu kumi, na hakuna mwingine katika ligi hiyo aliyefika .300. Wasimamizi wa mchezo waliona mizani imewaelemea wapigaji kupita kiasi, hivyo kuanzia 1969 tuta la mrushaji likashushwa kutoka inchi 15 hadi 10 na eneo la straiki, ambamo mpira usiopigwa huhesabiwa dhidi ya mpigaji, likapunguzwa.

Ukurasa wa mrushaji umepangwa kwa mtindo ambao haujabadilika sana kwa miaka mingi. Kila msimu una mstari wake, na kila kipimo kina safu yake: michezo aliyoshinda na aliyopoteza, ERA, iningi alizorusha, wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, waliopewa besi ya bure kwa kurushiwa mipira minne nje ya eneo la straiki, na kadhalika. Namba iliyoongoza ligi huandikwa kwa herufi nzito, jambo linaloonekana dogo lakini lenye msaada mkubwa, maana jicho linatambua mara moja miaka ambayo mtu alikuwa juu ya wenzake. Ukifungua ukurasa wa Walter Johnson wa Washington Senators, aliyerusha kati ya 1907 na 1927, herufi nzito zimejaa hadi unaanza kuzitafuta zile nyembamba.

Safu mbili za ushindi na upotevu ndizo ninazomshauri mgeni azipite. Zinapewa heshima ya pale mbele kwa sababu ya mazoea. Jacob deGrom alishinda michezo 10 na kupoteza 9 mwaka 2018 akiwa na ERA ya 1.70, na akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, iliyopewa jina la mrushaji wa zamani. Mwaka 2025 Paul Skenes aliipata tuzo hiyo hiyo kwa kura zote akiwa ameshinda 10 na kupoteza 10, ERA yake ikiwa 1.97. Timu zao hazikuwa zikifunga. Anayesema Cy Young ndiye bora kwa sababu ana ushindi 511 anasema kweli kuhusu namba, lakini ushindi wa mrushaji hutegemea pia mikono ya wenzake, na katika enzi yake mrushaji alianza mchezo na kuumaliza, kwa hiyo karibu kila mchezo uliandikwa kwa jina lake. Young alimaliza michezo 749. Hakuna mrushaji wa leo atakayeruhusiwa kuikaribia idadi hiyo, awe na kipaji cha namna gani.

Safu iliyonifanya niiamini tovuti hii ni ile ya ERA+. Kanuni yake ni nyepesi: huchukuliwa ERA ya ligi nzima kwa mwaka husika, ikarekebishwa kulingana na uwanja, ikagawanywa kwa ERA ya mrushaji, kisha jawabu likazidishwa kwa 100. Mrushaji wa kawaida ana 100. Mwenye 200 ameruhusu nusu ya mikimbio ambayo wa kawaida angeruhusu. Hoja ya kipimo hiki ni ile ile inayotufanya tusilinganishe mshahara wa kabla ya Mei 1987, wakati Serikali ilipokata sifuri mbili kwenye shilingi, na mshahara wa leo bila kwanza kuuliza kilo ya sukari ilikuwa bei gani.

Hebu tukitazame kipimo hicho kikifanya kazi. Mwaka 2000 Pedro Martínez wa Boston Red Sox alikuwa na ERA ya 1.74, ambayo kwa macho matupu ni mbaya kuliko 1.12 ya Gibson. Lakini ERA ya American League mwaka huo ilikuwa 4.91, na aliyemfuata Pedro katika ligi nzima alikuwa Roger Clemens akiwa na 3.70, karibu mikimbio miwili nyuma yake. ERA ya National League mwaka 1968 ilikuwa 2.99. Ukigawanya 4.91 kwa 1.74 na kuzidisha kwa 100 unapata 282, ukifanya hivyo kwa 2.99 na 1.12 unapata 267. Tovuti hata hivyo inampa Pedro 291 na Gibson 258, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya marekebisho ya uwanja: Fenway Park ya Boston ilikuwa ikiwapendelea wapigaji, kwa hiyo Pedro akaongezewa, na uwanja wa St. Louis ulikuwa ukiwabana, kwa hiyo Gibson akapunguziwa. Kwa maneno mengine, pale ambapo mrushaji wa kawaida angeruhusu mikimbio 100, Pedro aliruhusu takriban 34 na Gibson takriban 39. Haya yote mtu anayapata bila malipo, akiwa amesimama pembeni ya uwanja, na anaweza kuyahakiki kwa kikokotoo cha simu yake.

Hata hivyo ERA+ ina tabia ya kumdanganya anayeipenda kupita kiasi. Mwaka 1880 Tim Keefe alipata 293, juu ya Pedro, lakini alirusha iningi 105 tu, na wakati huo mrushaji alisimama futi 45 kutoka kwa mpigaji. Umbali wa leo wa futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, ulianza 1893. Jedwali la viongozi haliweki ukuta kati ya michezo hiyo miwili, ambayo kwa maoni yangu ni michezo miwili tofauti kabisa, na msomaji asiyejua historia atamweka Keefe kileleni na kwenda kulala. Vivyo hivyo Mariano Rivera ana ERA+ ya 205 kwa maisha yake yote ya mchezo, lakini aliitwa kurusha iningi za mwisho tu na jumla yake ni iningi 1,283 na theluthi mbili; huyo ni bingwa wa kumalizia michezo, na sidhani inafaa kumshindanisha na watu waliorusha mara tatu au nne ya hizo.

Jibu la tovuti kwa tatizo hilo ni WAR, kipimo kinachojaribu kukadiria ni michezo mingapi ya ushindi ambayo mchezaji aliiongezea timu yake kuliko ambavyo angefanya mtu wa akiba wa kuokotezwa. Kwa warushaji, Baseball-Reference huanza na mikimbio yote aliyoruhusu mtu, kisha hurekebisha kwa uwanja, kwa ubora wa wapinzani na kwa ubora wa wachezaji waliokuwa wakidaka nyuma yake. FanGraphs, tovuti nyingine inayosifika, huchukua njia tofauti: huangalia zaidi mambo yaliyo mikononi mwa mrushaji mwenyewe, yaani straiki tatu, besi za bure na mipira iliyopigwa nje ya uwanja. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na WAR mbili zisizolingana, na wabishi wawili wakabishana jioni nzima kumbe kila mmoja amesoma tovuti yake. Mimi naona njia ya Baseball-Reference inafaa zaidi kwa enzi za zamani, kwa kuwa zamani wapigaji waliugusa mpira karibu kila mara na mrushaji hodari alijipambanua kwa kuwalazimisha waupige vibaya. Kwa warushaji wa leo, ambao kazi yao kubwa ni kuwanyima wapigaji hata kuugusa, naangalia zote mbili.

WAR hulipa wingi wa kazi. Katika orodha ya warushaji wa enzi zote kwenye tovuti hii, watatu wa kwanza ni Cy Young, Walter Johnson na Roger Clemens, na si bahati mbaya kwamba wawili wa kwanza walirusha wakati ambapo mtu mmoja alibebeshwa mzigo ambao leo hugawanywa kwa watu watano. Johnson alirusha iningi 5,914 na theluthi moja, na michezo 110 aliimaliza bila wapinzani kupata mkimbio hata mmoja. Pedro alirusha 2,827 na theluthi moja, chini ya nusu. Tovuti inalijua tatizo hili, ndiyo maana ina kipimo cha JAWS, kilichobuniwa na Jay Jaffe, ambacho hupata wastani wa WAR ya maisha yote na WAR ya misimu saba bora ya mtu. Nakipenda kwa sababu kinayaweka wazi maswali mawili ambayo wabishi huyachanganya: nani alifika juu zaidi, na nani alikaa juu muda mrefu zaidi. Sandy Koufax aliongoza National League kwa ERA miaka mitano mfululizo, 1962 hadi 1966, kisha akastaafu akiwa na umri wa miaka 30 kwa sababu ya kiwiko. Ukimpima kwa swali la pili unamdhulumu. Nolan Ryan, kwa upande wake, aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu na hakuna aliyewahi kumkaribia, lakini aliwapa besi ya bure wengine 2,795, na ERA+ yake ya 112 inaeleza kwa nini hakupata tuzo ya Cy Young hata mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna safu inayoweza kulitibu. ERA+ na WAR humlinganisha mtu na ligi yake, na ligi ya Walter Johnson, ya Lefty Grove na ya wengine wote kabla ya Jackie Robinson kuingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947, ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi. Ule wastani wa 100 ulikokotolewa kutoka katika kundi lililochujwa kwa rangi ya ngozi. Grove ana ERA+ ya 148 na aliongoza ligi kwa ERA mara tisa, rekodi ya kutisha, lakini Josh Gibson, mmoja wa wapigaji hatari zaidi wa kizazi chake, hakuruhusiwa kusimama mbele yake katika mchezo wa ligi. Msomaji wa Afrika hawezi kulipita jambo hili kana kwamba ni tanbihi.

Hapa tovuti inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Inastahili sifa kwa sababu mwaka 2021, baada ya ligi kuu kutangaza Desemba 2020 kwamba ligi za weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kamili, Baseball-Reference iliziingiza takwimu zake katika kurasa zake kuu, ikitumia kazi ya watafiti wa Seamheads waliozichambua habari za magazeti ya zamani mchezo baada ya mchezo. Ligi kuu yenyewe ilikamilisha hatua hiyo katika rekodi zake Mei 2024. Lawama yangu ni kwamba jedwali linampa Satchel Paige, mrushaji wa ligi za weusi, mstari unaofanana na wa mtu mwingine yeyote, wakati sehemu kubwa ya urushaji wake ilifanyika katika michezo ya kuzunguka mijini ambayo haihesabiwi popote. Misimu yake rasmi ni mifupi kwa sababu ratiba zilikuwa fupi na kumbukumbu nyingine zimepotea. WAR, kipimo kinacholipa wingi, humwadhibu kwa jambo lisilo kosa lake. Kinachobaki cha kuaminika ni vipande: aliingia timu ya Cleveland ya ligi kuu mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, na mwaka 1965, akiwa na miaka 59, aliirushia Kansas City Athletics iningi tatu bila kuruhusu mkimbio. Ningependa ukurasa wake na wa wenzake uwe na maelezo mafupi juu ya jedwali, yanayomwambia msomaji kwamba anachokitazama ni sehemu tu.

Clemens naye ana kasoro ya aina nyingine. Ana tuzo saba za Cy Young na ERA+ ya 143 kwa karibu iningi 4,917, hesabu ambayo peke yake ingemaliza ubishi. Lakini alitajwa katika ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007 kuhusu dawa za kuongeza nguvu, tuhuma ambazo amezikana, na mwaka 2012 mahakama ilimwachia huru katika kesi ya kulidanganya Bunge la Marekani. Namba zake kwenye tovuti hazina alama yoyote ya shaka, na nadhani hiyo ndiyo sahihi, kwa sababu kazi ya daftari ni kuandika kilichotokea uwanjani. Hukumu ya watu imewekwa chini ya ukurasa huo huo, katika matokeo ya kura za Cooperstown, yaani za kuingia Jumba la Heshima la besiboli: mwaka wake wa mwisho, 2022, alipata asilimia 65.2 wakati zinahitajika 75.

Baada ya kuyapitia hayo, msimamo wangu ni huu, na najua jamaa zangu watanipinga. Kwa urefu wa kilele namchagua Pedro wa 1999 na 2000, kwa sababu aliwazima wapigaji katika miaka ambayo mipira ilikuwa ikiruka nje ya viwanja kuliko kawaida, na katika ligi iliyokuwa wazi kwa watu wa rangi zote na wa nchi nyingi, yeye mwenyewe akitoka Jamhuri ya Dominika. Kwa maisha marefu namchagua Greg Maddux: iningi 5,008 na theluthi moja, ERA+ ya 132, tuzo nne za Cy Young mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na ERA za 1.56 na 1.63 katika miaka miwili iliyofuatana. Randy Johnson ana ERA+ ya 135 na aliwatoa wapigaji 4,875 kwa straiki tatu, na nisingegombana na anayemtanguliza. Walter Johnson namheshimu kama aliyewaacha mbali zaidi watu wa wakati wake, lakini wakati wake haukuwa na watu wote.

Yamebaki mambo ya matumizi. Tovuti ni ya Kiingereza pekee, na majedwali yake ni mapana mno kwa skrini ya simu. Unayasogeza kwa kidole kwenda kulia hadi jina la msimu linasahaulika, hivyo ni bora kuigeuza simu ilale. Ukibonyeza kichwa cha safu, jedwali linajipanga upya kwa safu hiyo, na anayetaka kufanya hesabu zake anaweza kulitoa jedwali zima na kulipeleka kwenye programu ya hesabu. Awe mwangalifu na safu ya iningi: 304.2 ya Bob Gibson maana yake ni iningi 304 na theluthi mbili, na kompyuta haitalijua hilo isipoambiwa. Huduma ya Stathead, ya kampuni hiyo hiyo, hulipiwa kwa dola na hukuwezesha kuuliza maswali kama vile ni warushaji gani waliofikisha ERA+ ya 200 kwa zaidi ya iningi 200. Kwa mwandishi wa michezo au kocha anayeandaa mafunzo, malipo hayo yana maana, na watu kadhaa wa klabu moja wangefanya vizuri kuangalia masharti yake kabla ya mmoja wao kutoa kadi. Kwa anayetaka tu kujua kama kijana wa 1.12 alikuwa na hoja, kurasa za bure zinatosha.